Mahandaki ya Bwera na Ushahidi wa Picha za Angani

Katika Uganda kuna Bwera mbili, na jambo hili limepata kuwachanganya wasafiri na hata wasomi. Bwera ya kwanza, ile wanayoifahamu vyema askari wa mpakani, imo wilayani Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, karibu na kivuko cha Mpondwe cha kuingilia Kongo. Bwera ya pili haina kituo cha forodha wala haitajwi katika orodha ya wilaya. Ni jina la kale la nchi ya malisho iliyo kusini ya mto Katonga, ambayo leo huitwa Mawogola, katika wilaya ya Sembabule. Baina ya Bwera hizi mbili pana zaidi ya kilomita 150 kwa mruko wa ndege, na zote mbili zimekaa jirani na mstari wa ikweta. Basi mtu akisoma kitabuni kwamba Wamara, mfalme wa Bachwezi, alikuwa na makao yake Bwera, kisha akapanda gari kwenda Kasese kuyatafuta mahandaki ya zama hizo, atakuwa ameelekea upande usio wake.

Hata hivyo safari yake haitakuwa ya bure. Kasese itamfundisha namna ya kuyatambua mahandaki hayo atakapofika Katonga.

Kandokando ya Mbuga ya Malkia Elizabeth, ambako mashamba ya pamba na mahindi yanapakana na makao ya wanyama, wananchi na idara ya wanyamapori wamechimba mahandaki ya kuwazuia tembo. Mnyama huyo, kwa uzito wake wote, hawezi kuruka, wala hapendi kushuka katika shimo lenye kingo zilizosimama. Lakini kila mkulima wa huko anajua kwamba handaki ni kazi isiyokwisha. Mvua hubomoa kingo, maji huleta udongo, tembo nao hujifunza kuzisukuma kingo kwa miguu mpaka njia ipatikane. Handaki lisiposafishwa hujaa upesi, na baada ya miaka michache mtu aweza kulivuka bila kujua kwamba palikuwa na handaki. Mimea, hata hivyo, inajua.

Ushahidi wa mimea unaonekana Kasese kwa njia nyingine tena, nayo ni ya kusikitisha. Tangu 1956, reli ilipofika Kasese, shaba ya Kilembe ilichimbwa kwa wingi, na mabaki ya mawe yenye salfa na madini yalilundikwa nje ya mji. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mvua iliendelea kuyaosha malundo yale na kuyateremsha mbugani kuelekea Ziwa George. Maji hayo yalipopita, nyasi zilikufa. Kutoka angani ilionekana wazi njia ya sumu, ukanda mtupu uliokata katikati ya uwanda wa kijani, nao ulieleza mwendo wa maji kuliko ambavyo angeweza kueleza mtu aliyesimama pale chini.

Hii ndiyo asili ya elimu ya kutambua maboma ya kale kwa picha za angani. Handaki linapojaa, hujaa udongo wa juu uliolegea, uliochanganyika na majani yaliyooza, jivu na takataka za makazi. Udongo huo hushika maji kwa muda mrefu. Karne zikapita, plau likasawazisha ardhi, na mtu akapanda nafaka juu yake. Wakati wa mvua hakuna tofauti yoyote. Lakini ukame unapokaza, mimea iliyo pembeni hunyauka na kuwa manjano, ilhali ile iliyopandwa juu ya handaki huendelea kunywa, hurefuka, na kubaki kijani kibichi. Mahali palipo na msingi wa ukuta wa mawe mambo hugeuka: mizizi hukosa kina, na mimea hudumaa. Mtu anayepita shambani haoni chochote ila mahindi mazuri hapa na mabaya pale. Rubani aliye juu ndiye anayeona duara, au pembe nne, au mstari unaopinda na kurudi ulikoanza.

Kwa askari jambo hili si geni. Kila aliyefunzwa kuficha mzinga chini ya matawi yaliyokatwa anajua kwamba matawi hayo hunyauka kabla ya jioni, na rangi yake humsaliti kwa ndege ya adui. Nyayo za kikosi zilizopita kwenye nyasi zenye umande huonekana kutoka juu kama mstari uliochorwa kwa chaki. Si ajabu basi kwamba elimu hii ilizaliwa jeshini. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza O. G. S. Crawford alikuwa mtazamaji katika ndege za vita, akatunguliwa na kuwa mateka mwaka 1918. Baada ya vita aliajiriwa na idara ya ramani ya nchi yake, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika kwa utaratibu jinsi ya kusoma mabaki ya kale katika picha za angani. Mwaka 1925 rubani Gilbert Insall, aliyepata nishani ya Victoria Cross katika vita hivyo, aliona kutoka angani alama za duara katika shamba lililo karibu na mawe mashuhuri ya Stonehenge. Wachimbaji walipofika walikuta safu za mashimo ya nguzo za miti zilizosimamishwa kwa duara maelfu ya miaka iliyopita. Miti yenyewe ilikuwa imeoza zamani sana. Kilichobaki ni mashimo yaliyojaa udongo, na mimea iliyotoboa siri.

Afrika Mashariki nayo ilipigwa picha. Kati ya 1946 na 1952 kikosi cha 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza kiliruka juu ya sehemu kubwa za Afrika Mashariki, Kati na Magharibi kikipiga picha kwa ajili ya ramani. Picha za aina hiyo ndizo zilizowezesha kuchorwa kwa ramani za kipimo cha 1 kwa 50,000, ambazo askari wengi wamepata kuzikunja mfukoni. Madhumuni yalikuwa utawala na uchumi, wala si historia. Lakini lenzi haichagui, na handaki lililokuwa machoni pake lilichukuliwa pamoja na barabara na vijito.

Sasa tuje Katonga. Kwenye ukingo wa kusini wa mto huo pana mahandaki yanayoitwa Bigo bya Mugenyi. Taarifa ya serikali juu yake iliandikwa mwaka 1909. Peter Shinnie alichimba hapo mwaka 1957, na Merrick Posnansky, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alichimba mwaka 1960. Yaliyoonekana ni haya. Mahandaki yote kwa pamoja yana urefu unaozidi kilomita 10. Mahali pengine kina chake hukaribia mita 4, na katika sehemu kadhaa wachimbaji wa kale hawakukomea kwenye udongo, walikata hata mwamba. Handaki la nje hupinda kuzunguka uwanda unaopakana na mto. Ndani yake, juu ya kilima kidogo, zimo nyua zilizozungushiwa mahandaki yake zenyewe. Kila askari aliyewahi kukabidhiwa sururu na beleshi na kuambiwa achimbe mpaka kichwa kisionekane ataelewa maana ya kilomita 10 kwa jembe la mkono.

Neno bigo lina maana ya ngome, na kwa muda mrefu watu waliridhika na jina hilo. Lakini jicho la kijeshi lina haki ya kuuliza. Ngome inataka walinzi. Ikiwa kila mita 5 za handaki zitasimamiwa na mtu mmoja, kilomita 10 zitahitaji watu 2,000 kwa zamu moja. Kwa zamu tatu za mchana na usiku watahitajika 6,000, mbali na wapishi, wachukuzi na wachunga ng'ombe. Hakuna mfalme mwenye akili ambaye angeutandaza ulinzi wake hivyo katika nchi tambarare ya nyasi, ambamo adui aweza kuchagua mahali pa kuvukia. Nyua za ndani, zilizo ndogo na zilizokaa juu, ndizo zinazofanana na mahali pa kulinda. Posnansky aliona kwamba mpango wake unafanana na makao ya kifalme ya Ankole ya baadaye, ambayo yalikuwa na ua wa mtawala katikati na malisho kuuzunguka. Kwa maoni hayo handaki la nje lilikuwa zaidi la ng'ombe kuliko la vita: lilizuia mifugo isipotee, liliwapunguzia wezi njia, na lilimwonyesha kila mpitaji kwamba hapo pana mwenye amri juu ya maelfu ya mikono. Wazo la tembo, ambalo mkulima wa Kasese angelitaja kwanza kabla ya yote, nalo halifai kupuuzwa. Watu walioishi kwa nafaka na ng'ombe katika nchi yenye tembo wengi walikuwa na adui wa shamba aliyekuja kila msimu bila kutangaza vita.

Kadhalika masimulizi ya wenyeji hayazungumzii vita kwa wingi kama mtu angetazamia. Yanasema Mugenyi alikuwa Mchwezi aliyempenda ng'ombe wake Bihogo kiasi cha kuapa kwamba akifa ng'ombe huyo naye atajiua. Huo ni usemi wa wafugaji. Hata hivyo jina lenyewe lina mtego: mugenyi ni neno lile lile la Kiswahili mgeni, na Bigo bya Mugenyi laweza kufasiriwa ngome za mgeni. Kutokana na tafsiri hiyo, na kutokana na mawazo yaliyokwisha kupandwa na wageni wa Ulaya, yalizuka madhara makubwa.

Mwaka 1863 msafiri John Hanning Speke alichapisha kitabu alichotangazia nadharia kwamba falme za maziwa makuu ziliundwa na taifa lililotoka kaskazini, lenye damu bora, likawatawala wakulima Weusi waliokuwapo. Hakuwa na ushahidi wa kuchimbuliwa ardhini, alitegemea sura za watu alizoziona njiani. Lakini nadharia ilipendeza, kwa kuwa ilimfanya mkoloni aonekane ni mgeni wa pili tu katika mlolongo wa wageni wenye haki ya kutawala. Bachwezi wakageuzwa kuwa watu weupe waliopotea, na mahandaki ya Katonga yakafanywa kuwa kazi ya wageni hao, kana kwamba Mwafrika hawezi kupanga watu elfu na kuchimba. Nchi ya Rwanda, ambamo mawazo ya namna hiyo yaliingizwa mpaka kwenye vitambulisho vya raia, ilionyesha mwaka 1994 mahali yanapoishia.

Udongo ulijibu tofauti. Katika Bigo vilitoka vyungu vilivyopambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa, mtindo ulioenea katika nchi nzima ya maziwa makuu kwa mamia ya miaka. Vilitoka mifupa ya ng'ombe. Upimaji wa makaa umeweka kazi hiyo yapata karne ya 14 hadi ya 16. Ntusi, iliyo kusini ya Bigo katika nchi hiyo hiyo ya Bwera ya kale, ni ya mapema zaidi: watu walikaa hapo tangu yapata mwaka 1000 hadi karibu na 1400, wakaacha vichuguu vikubwa vya takataka, mifupa mingi ya ng'ombe wachanga, mawe ya kusagia nafaka, mabaki ya kufua chuma na ushanga uliofika kwa biashara kutoka pwani. Jambo hilo la Ntusi lina uzito. Kama ng'ombe na nafaka vilikuwa pamoja katika mji mmoja tangu karne ya 11, basi hadithi ya wafugaji wageni walioshuka ghafla na kuwatiisha wakulima haina mahali pa kusimama. Watu wale wale, au majirani waliooana, walilima na kufuga. Ukubwa wa ng'ombe katika siasa ulikua hapo hapo, polepole, na mahandaki yakaja baadaye, ukuu ulipotaka kuonekana.

Kasese nayo inaujua uzito wa maneno mwenyeji na mgeni. Tangu harakati za Rwenzururu zilipoanza mwaka 1962 hadi mapatano ya 1982, na katika migogoro ya ardhi iliyofuata baina ya walimaji na wafugaji, swali la nani alitangulia limewahi kuulizwa kwa mkuki na kwa bunduki. Askari polisi aliyesimama katikati ya pande mbili zenye hasira amesikia kila upande ukitaja mababu. Ni vema ajue kwamba handaki la kale halina kabila. Chungu kikivunjika hakisemi lugha ya aliyekifinyanga, na picha ya angani haitaji jina la mwenye shamba. Vinaweza kueleza kazi, chakula, wakati na mpangilio. Mtu atakayevitaka vitoe hati ya kumiliki ardhi, au ruhusa ya kumfukuza jirani, anavilisha maneno.

Si kila alama inayoonekana angani ni ya kale, na hapa uangalifu wa kipolisi unahitajika. Picha ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Njia za ng'ombe kwenda mtoni huchora mistari inayopinda kama handaki. Mashimo ya changarawe yaliyochimbwa kwa ajili ya barabara hujaa na kuota nyasi nzito. Vichuguu vya mchwa huleta madoa ya duara yanayomdanganya asiye mzoefu. Katika wilaya ya Sembabule pana sababu moja zaidi, kwa maana katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1979 majeshi ya Tanzania na ya Idi Amin yalipigana vikali katika sehemu hizo, na jeshi lolote likikaa mahali kwa siku kadhaa huchimba. Handaki la 1979 lililojaa udongo laweza kuota nyasi sawasawa na la mwaka 1450. Tofauti hujulikana kwa umbo, kwani mahandaki ya askari wa kisasa ni mafupi na huvunjwa kwa pembe ili kipande cha bomu kisipite moja kwa moja, na tena kwa kuchimba. Ndiyo maana hakuna mtaalamu anayetangaza boma kwa picha peke yake: hupiga picha katika misimu mbalimbali, hutembea juu ya alama hiyo, kisha hukata mfereji mwembamba unaopita katikati ya handaki na kusoma tabaka zake moja baada ya nyingine.

Katika tropiki kazi hiyo ina ugumu wake. Ulaya kuna mashamba mapana ya ngano yenye rangi moja, na alama hujitokeza kama mchoro juu ya karatasi. Huku mkulima huchanganya migomba, maharage, mihogo na kahawa katika eka moja, na mvua huja mara mbili kwa mwaka. Lakini nyika ina njia yake ya kusema. Baada ya nyasi kuchomwa, mabonde madogo huonekana. Jua la asubuhi likiwa chini, kivuli hulala ndani ya handaki ambalo saa sita halionekani. Na katika nyasi fupi vichaka hushika mstari wa handaki kwa sababu ya unyevu wake. Kusini-magharibi ya Kenya, katika nchi ya Narok, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walionyesha kwamba mabaka ya nyasi nzuri, yanayotambulikana hata katika picha za setilaiti, yako mahali palipokuwa na mazizi ya wafugaji wa miaka 1,500 hadi zaidi ya 3,000 iliyopita. Samadi ya ng'ombe waliokufa kabla ya kuzaliwa kwa falme zetu zote bado inalisha swala.

Kwa hiyo mwenye kuyaharibu mahandaki haya haharibu shimo tu. Anachochoma ni hati ambayo haikuandikwa kwingine. Mwaka 1967 Uganda ilitunga Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria, iliyoiwezesha serikali kuyatangaza maeneo kama hayo kuwa ya kulindwa na kuzuia uharibifu wake. Sheria inajulikana mjini. Trekta liko kijijini. Mara nyingi anayeharibu hana nia mbaya: ni mkandarasi anayetafuta changarawe, mfugaji anayepanua bwawa la kunyweshea, ofisa anayechagua mahali pa kufanyia mazoezi ya shabaha kwa sababu ya ukingo uliokwisha kuinuka wenyewe. Yuko pia mwizi wa hazina, ambaye huchimba usiku akiamini kwamba Bachwezi walizika dhahabu, naye huacha mashimo yaliyochanganya tabaka za karne tano katika usiku mmoja. Hajulikani aliyewahi kutajirika kwa njia hiyo katika Bigo. Polisi anayemkamata angefanya vyema kuyachukulia mashimo yale kama mahali pa tukio, asiruhusu yafukiwe wala vigae viokotwe, mpaka watu wa Makumbusho wafike kutoka Kampala. Kigae kilichoondolewa mahali pake bila kuandikwa kina thamani ileile ya ganda la risasi lililookotwa na mpita njia na kuletwa kituoni mfukoni mwake.

Kaskazini ya Katonga, katika wilaya ya Kakumiro, lipo boma jingine linaloitwa Munsa, jina ambalo wenyeji hulifasiri kuwa mahali penye mahandaki. E. C. Lanning aliandika habari zake katika miaka ya 1950, na Peter Robertshaw akachimba katika miaka ya 1990, akakuta katika kilima cha katikati, kiitwacho Bikekete, makaburi na tanuri ya kuyeyushia chuma. Sehemu kubwa ya mahandaki ya Munsa imekwisha kujaa. Juu yake watu wanalima, wanapita na baiskeli, wanachunga mbuzi. Katika mwezi wa kiangazi, mazao ya pembeni yanapokunja majani, mwenye kupanda juu ya mwamba wa Bikekete na kutazama chini ana nafasi nzuri ya kuuona mstari wa kijani ukizunguka mashamba ya watu kadhaa bila kujali mipaka yao.